Bibi Harusi Anataka Hewa

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani sote wawili tu wazima, na tukipata habari kwamba nawe u mzima tutakuwa watatu.

Mama anakusalimu. Kusema kweli hakusema "msalimie", ila nilipomwambia nakuandikia barua alinyanyua mguu kwenye pedali ya cherehani, kisha akaendelea kushona. Mimi naihesabu hiyo kuwa ni salamu. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa hiyo sebule imejaa kola. Bado anashonea kwenye kile kiti cha abiria ulichokitoa garini ili gari liwe jepesi. Amekitilia miguu ya mbao na anasema hakuna kiti cha dukani kinachoshika mgongo kama hicho. Mimi nimeingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Fizikia naipenda, historia tunavumiliana. Mwezi wa kumi nitatimiza miaka kumi na minane.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, Bibi Harusi ameamka! Jumamosi nilimfunua shuka lake jeupe, nikafunga betri mpya na kubadilisha mafuta, kama ulivyonielekeza mwaka jana. Aliwaka mara ya nne. Lakini anakohoa, na ukikanyaga mafuta anasitasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilipofungua boksi la chujio la hewa nikajua sababu. Panya wamelifanya nyumba. Chujio lote limetafunwa, boksi limepasuka pembeni, na ule mdomo wake wa kuvutia hewa haupo kabisa.

Nikaenda kwa muuza vipuri wa barabara ya pili, yule tunayemwita Farasi kwa sababu kila kitu anachouza kinaongeza nguvu za farasi kwenye injini. Maboksi ya zamani hana, lakini alinipangia vitu vitatu mezani. Cha kwanza ni chujio la umbo la koni, linakaa wazi ndani ya boneti bila boksi. "Hili lina mlio, mdogo wangu! Jirani zako watahama." Cha pili ni bomba refu la kung'aa linaloshuka hadi nyuma ya bampa, chini kabisa, kufuata hewa baridi. Cha tatu ni bomba fupi nene, jekundu. Nilipomuuliza jekundu linafaa kwa nini, akasema, "Kwani hulioni lilivyo jekundu?" Kila kimoja, alisema, kinaongeza farasi ishirini. Nikamwambia nikifunga vyote vitatu nitahitaji zizi, siyo banda la gari. Hakucheka.

Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu, na sitaki kukosea. Nichague kipi?

Nina swali la pili, kuhusu Desemba, lakini mama amenikataza kuliuliza, kwa hiyo siliulizi.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Spana

*

3 Machi

Spana wa mjomba,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimecheka kwenye zizi. Mimi sijambo. Gereji ya mabasi bado ina mabasi, na mabasi bado yanaharibika, basi nashukuru. Mwambie mama yako nimeipokea salamu yake ya mguu, na ya kwangu ni kubwa zaidi.

Hongera kwa kumwamsha Bibi Harusi. Huyo mwanamke ana maringo, hawakii mtu yeyote tu.

Sasa sikia. Injini ni kama mtu anayepanda ngazi amebeba gunia: anachotaka ni hewa nyingi, baridi na safi. Chukua maneno hayo matatu ukayapime na meza ya Farasi. Koni ya wazi inapitisha hewa nyingi, hilo kweli. Lakini imekaa wapi? Ndani ya boneti, jirani na injini inayochemka. Inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu ndani yake. Utapata mlio wa simba na mbio za kondoo. Lile bomba refu linaleta hewa baridi kweli, lakini mdomo wake uko chini, karibu na lami. Siku ya mvua ukipita kwenye dimbwi linakunywa. Injini haijui kunywa maji, Spana. Nilishafungua moja iliyokunywa: vyuma vinavyoshika pistoni vilikuwa vimepinda kama vijiko vya bati. Na hilo jekundu, ni kweli, ni jekundu.

Lakini usimwamini Farasi, na usiniamini hata mimi. Pima. Tafuta kipimajoto, jua hewa ina joto gani kila pembe ya ile boneti, halafu uniandikie. Tutachagua kwa namba.

Ombi dogo. Andika kwa kalamu nyeusi nene, na herufi zako zipe nafasi. Wino wa bluu unafifia njiani.

Kuhusu swali ambalo hukuliuliza: Desemba bado iko mbali.

Mjomba wako

*

25 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai kalamu hii ni nyeusi ya kutosha. Nimeiazima kwa mama, ndiyo anayochorea vitambaa vyeupe.

Huku hatujambo. Banda lilivuja wiki iliyopita, lakini nilihamisha ndoo na Bibi Harusi hakulowa. Mama amemaliza kola na ameingia kwenye mifuko. Nimepata ya pili darasani kwenye fizikia. Wa kwanza amenizidi alama moja na anaitaja kila siku.

Nimepima. Mwalimu wa fizikia aliniazima kipimajoto cha maabara kwa sharti kwamba kikivunjika nitakuwa mwanafunzi wake milele. Nilikifunga kwa uzi wa mama, nikafunga boneti, nikawasha injini, nikaiacha iungurume dakika ishirini uani. Pale ambapo koni ya wazi ingekaa: nyuzi hamsini na nane! Nyuma ya taa ya mbele, kwenye ile pembe tupu: thelathini na tatu. Nje kivulini: thelathini na moja. Nilirudia mara tatu siku tatu tofauti, kwa sababu mwalimu anasema namba ya siku moja ni uvumi.

Basi nimefikiri hivi, na unisahihishe. Ninunue koni, ila isikae wazi. Tuijengee chumba chake kwa bati la alumini, chenye ukuta wa kuikinga na joto la injini na mfuniko unaobana na boneti. Kisha nitoboe njia ya hewa nyuma ya taa, kwa sababu pale ni baridi na pia ni juu, dimbwi halifiki. Hewa nyingi, baridi na safi. Nilimweleza Farasi, akaniangalia kwa huruma. "Kwa hiyo unanunua mlio halafu unaufungia ndani?" Aliniuzia koni hivyo hivyo, na kibandiko cha farasi akanipa bure.

Bati la kukata sina, wala msumeno mzuri. Lakini nimekuchorea kielelezo kwa karatasi ya kahawia ya mama, ile ya kukatia nguo, nimekijaribu garini hadi kimekaa. Kimo kwenye bahasha hii. Mama ndiye aliyekipanga na kukikunja, kwa sababu anasema mimi nakunja karatasi kama ninayefungia misumari. Kata kwa kufuata ukingo wake, unitumie bati.

Unakumbuka Desemba za zamani ulipokuwa ukipanda barabara ya kilima hadi kwenye mnara wa simu? Mimi na mama tulisimama chini tukisikiliza. Mlio ukifika juu ukatulia, mama alikuwa akisema, "Bado mzima," kisha tunarudi nyumbani kukungoja. Uliniahidi nikikua utanipandisha na mimi. Nimekua, Mjomba. Nimepimwa mlangoni.

Spana

*

28 Juni

Spana,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Nimeipenda akili yako kuliko bomba lolote la dukani. Namba zako nimezibandika ukutani. Bati hili hapa, nimelikata kwa kufuata kielelezo. Kama pana pahali pamekwaruza, lipige tupa mwenyewe. Mikunjo nimeiacha uikunje huko, ili lisipinde njiani.

Desemba hii usiniwekee matumaini. Mabasi hayana likizo.

Salimia mama.

Mjomba

*

14 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, nikaisoma polepole ili irefuke.

Huku tu wazima. Mvua zimekwisha. Mtihani wa kati nimeufanya vizuri, na yule wa alama moja sasa amezidiwa alama nne, wala sizitaji kila siku, ila siku za shule tu.

Bati limefika. Nililipeleka garini mbio, halikuingia. Lilikuwa kubwa pande zote, upana wa kidole kimoja, kama vile Bibi Harusi amepungua au boneti imesinyaa. Nilishika kichwa. Nikarudi ndani na bati kwapani.

Nikasema, "Mama, Mjomba amekata kikubwa."

Mama hakuinua uso. "Hajakata kikubwa. Amekata nilichomtumia."

"Si nilichora mimi?"

"Ulichora bila nafasi ya mshono. Karatasi gani inakatwa sawa na mwili? Nguo ikibana, mtu atapumulia wapi? Nikakikata upya, nikaongeza kidole kimoja kuzunguka. Nguo zote nakata hivyo."

"Mama, hii siyo nguo! Bati halishonwi!"

Akasimamisha cherehani. Tuliangaliana. Mjomba, sijamsikia mama akicheka vile tangu nikiwa mdogo. Alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, na nikalazimika kumtafutia chini ya kiti moja moja.

Ninachotaka uone ni hiki. Anasema hataki kusikia habari za gari, wala za mwenye gari. Lakini alikaa na karatasi iliyokuwa ije kwako, akaikata upya kwa mkono wake, akaipa nafasi ya kupumua.

Basi nikaanza kulipunguza bati kwa tupa. Na hapo ndipo nimeona kitu, na nimefikiri siku nne kama nikuandikie au nisikuandikie.

Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi kusoma ukingo wa bati kabla ya kuusugua. Ulisema ukingo ndio unaosema fundi alisimamaje, alichoka wapi, alipumzika wapi. Nakumbuka kingo zako. Ulikuwa ukikata mstari wa penseli katikati, nusu unabaki huku, nusu unaanguka kule. Kwenye bati hili mstari upo, umechorwa vizuri. Msumeno ndio haukuufuata. Upande mmoja umebaki wote, upande mwingine umeliwa wote, na kila unapofika kwenye kona msumeno umepita mbele ya alama ndipo ukashtuka na kusimama. Kila kona, Mjomba. Zote tano.

Ni nani aliyelikata?

Spana

*

30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu, labda barua yangu ilipotea, labda haikupotea.

Mama amepata mafua akapona. Mimi naenda kwa mwalimu wa udereva kila Jumamosi, na mama ndiye aliyenisajili. Mwalimu ana gari la zamani lenye breki upande wake, na anazikanyaga hata tukiwa tumesimama.

Chumba cha hewa nimekimaliza. Nimekunja bati kwenye ukingo wa meza ya chuma shuleni, nikafunga kwa bolti nane ndogo, nikazungusha mpira wa mlango wa friji mbovu pembezoni ili boneti ikishuka ibane kabisa. Koni imekaa ndani kama yai. Nikapima: nyuzi thelathini na nne, dakika ishirini, boneti imefungwa! Kutoka hamsini na nane. Mwalimu wa fizikia alikuja na baiskeli kuona kwa macho yake, akaondoka na namba zangu kwenye daftari lake.

Na hakohoi tena. Ukikanyaga mafuta anavuta pumzi ndefu, kisha anaimba. Mlio haukufungiwa ndani kama alivyosema Farasi. Umekuwa mnene na wa chini, hauna kelele. Mama alitoka akasimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akasikiliza. Akasema, "Analia vilevile," akarudi ndani.

Bati limebaki kama lilivyo upande mmoja tu, ule wa chini. Nimeusugua kidogo usikate mkono, lakini sikuunyoosha. Sitaki kukulazimisha useme. Nataka tu ujue kwamba huo upande upo, na siuonei aibu.

Spana

*

19 Septemba

Spana, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako haikupotea. Zote mbili ziko hapa mezani.

Mimi ndiye niliyelikata. Nililikata kwa siku tisa, bati ambalo zamani ningelimaliza kabla chai haijapoa.

Ni jicho la kulia. Karibu miaka mitatu sasa. Nilikuwa nakata bolti iliyoganda kwa grinda, jasho likanitoka, nikapandisha miwani ya kazi kwenye paji la uso, nikasema sekunde mbili tu. Kipande cha chuma hakikuhitaji hata moja. Hospitali walifanya walichoweza na siwalaumu. Jicho lipo, ila halioni. Lile la pili ni zima, lakini moja peke yake halijui kitu kiko umbali gani. Namimina chai nje ya kikombe. Nikishuka ngazi nagusa kila moja kwa kidole cha mguu kama naogopa maji.

Gereji haikunifukuza. Niko stoo, nagawa vipuri. Vijana wananiita Mzee wa Nati kwa sababu natambua saizi kwa vidole. Siyo kazi mbaya. Lakini nilijaribu kuendesha, uwanjani, mahali pasipo na mtu. Nikagonga pipa. Nikarudi nyuma, nikaligonga tena. Nilishuka, nikamkabidhi mwenye gari ufunguo, na sijagusa usukani tangu siku hiyo.

Sasa unajua kwa nini Desemba zote zilikuwa mbali. Mama yako alinitandikia kitanda mara tatu, na mara zote tatu nilikaa na begi limefungwa, kisha nikalifungua. Ningekuja kufanya nini? Wewe ulikuwa unaningoja nikupandishe kilima. Mtoto aliyekuwa akisimama chini kunisikiliza, nimwambie nini? Nikaona afadhali nikuandikie habari za chujio. Kwenye barua bado mimi ni fundi.

Usimwambie mama yako. Anajua kunikasirikia, tumeshazoea. Kunihurumia hajui, na mimi sijui kuhurumiwa naye.

Umejenga kitu kizuri. Nyuzi thelathini na nne! Nilimsomea kila mtu stoo, pamoja na mlinzi.

Mjomba wako

*

13 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo nimefika wiki moja nikiwa na miaka kumi na minane, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ya utu uzima, kwa hiyo uichukulie kwa uzito.

Nililia kidogo, sitakuficha. Kisha nikaenda bandani nikafumba jicho la kulia na kujaribu kufunga nati moja. Ilinichukua muda mrefu, na niliiangusha mara sita. Nikatazama tena ukingo wa bati lako. Siku tisa. Mjomba, sasa nauona kuwa ndio ukingo mzuri kuliko zote ulizowahi kukata.

Uliniomba nisimwambie mama. Sikumwambia. Lakini jana tulikuwa tunakula, akaweka kijiko chini na kuuliza, "Amekubali kusema ni jicho gani?"

Nikakabwa na maji.

Akasema, "Ni la kulia. Niliona tangu Julai. Unakumbuka yule mkata nguo wangu wa zamani, mama aliyekuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia? Vitambaa vyake vyote vilikwenda upande mmoja, na kwenye kona mkasi ulikuwa ukipitiliza. Nilikushikia lile bati ukilisugua. Unadhani nilikuwa naangalia nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nimemsubiri aje miaka mitatu, sishindwi kumsubiri aseme miezi mitatu." Kisha akaendelea kula. Baadaye nikamkuta ameketi tu kwenye kiti chake, cherehani imefunikwa, na mchana ulikuwa bado mkubwa.

Kwa hiyo hakuna siri tena nyumba hii, na haikuvunjwa na mimi.

Sasa nikwambie langu. Nimefaulu udereva. Mara ya kwanza nilifeli kwa kugonga fimbo ya kuegeshea. Ya pili nilifeli kwa kuiogopa hiyo fimbo. Ya tatu nikafaulu. Bibi Harusi amekaguliwa, taa zote zinawaka, tairi ni mpya. Barabara ya kilima ipo palepale, na siku hizi wameweka kingo za chuma kwenye kona.

Nitaendesha mimi. Taratibu, siyo kama wewe. Wewe utakaa pembeni yangu usikilize. Tangu lini injini inahitaji macho kuisikia? Kuna kitu nasikia kati ya gia ya pili na ya tatu, kama mluzi mdogo, na sijui unatoka kwenye bomba au kwenye mpira wa friji. Farasi hajui. Mwalimu wa fizikia anakisia. Nakuhitaji, Mjomba, na sisemi hivyo kwa kukupoza.

Njoo Desemba.

Spana

*

5 Novemba

Spana,

Marahaba, mtu mzima.

Huo mluzi ni bolti ya kona, ile ya chini. Nadhani. Au ni mpira. Kwa barua sitaweza kusema, na wewe unajua kwamba siwezi, ndiyo maana umeniandikia. Umekuwa mjanja tangu lini?

Nimecheka kuhusu mama yako, kisha sikucheka. Kumbe nilikuwa najificha nyuma ya kitambaa kinachoonyesha.

Lakini mpwa wangu, unasema nikae pembeni yako. Pembeni wapi? Hakuna kiti. Mimi mwenyewe nilikitoa, nikijiona bingwa, eti kilo kumi na tano ni nyingi. Pale pana bati tupu na matundu manne ya bolti. Kiti amekikalia mama yako miaka minane, na mgongo wake unajua hivyo. Dada yangu namfahamu. Nilipokuwa mdogo niliazima mkasi wake nikakatia waya, na hadi leo nikiingia anausogeza. Siwezi kuja baada ya Desemba tatu za uongo nikamnyang'anya na kiti.

Nimekata tiketi ya basi ya tarehe ishirini Desemba. Nimeishika hapa, nimeipapasa mpaka imelainika. Lakini tiketi hurudishwa hadi tarehe kumi. Msomee mama yako barua hii yote, usiruke ya mkasi. Uniandikie amesema nini, neno kwa neno, hata likiwa neno baya.

Mjomba wako

*

27 Novemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mitihani nimemaliza jana, wino wangu umekwisha na nimeazima tena kalamu nyeusi ya mama.

Nilimsomea barua yako yote, nikiwa nimesimama, yeye akitia zipu kwenye sketi ya watu. Nilipofika kwenye mkasi aliusogeza, nadhani bila kujua. Nilipomaliza hakusema neno, kwa hiyo neno kwa neno sina la kukuandikia. Nitakuandikia alichofanya.

Alimalizia zipu. Akakata uzi kwa meno. Akasimama, akakigeuza kiti miguu juu hapo hapo sebuleni, akakikagua chini kama anayekagua pindo. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia. "Spana," akasema. Nikaitika, "Abee, mama." "Siyo wewe. Ya kufungulia."

Nilimletea namba kumi na nne. Miguu ya mbao ilitoka. Tulikibeba wawili hadi bandani, tukagongana mlangoni, akanilaumu mimi, tukakishusha kwenye matundu yake. Bolti tatu ziliingia kwa mkono. Ya nne ilikataa, mama akaniambia nitoke, akaisemesha kidogo, ikaingia. Pale kitambaa kilipochanika amekitia kiraka cha sare ya shule, buluu. Kwa hiyo utapandishwa kilima umekalia mfuko wa kaptula.

Kisha akaingia akakaa humo, akafunga mlango, akaniambia niwashe. Tulikaa injini ikiunguruma, hatukwenda popote. Akasema, "Kuna mluzi." Nikasema najua. Akasema, "Basi si aje autoe."

Tarehe ishirini tutakuwa kituoni na Bibi Harusi. Mama atakuja na teksi, kwa sababu viti ni viwili tu, na amesema cha pili siyo chake tena.

Nimemwomba aweke salamu yake mwenyewe chini hapa. Ameichukua kalamu.

Mpwa wako na dereva wako,
Spana

*Kitanda nimetandika. Sasa nashonea kwenye kigoda na mgongo unaniuma. Usichelewe.*
*Dada yako*